Kamera Mbili na Bega la Bi Saada

Jumatatu, 16 Juni

Picha za paspoti asubuhi nzima. Nimezipiga kwa simu. Aibu. Nje kibao kikubwa kimeandikwa studio, ndani mwenye studio anapiga kwa simu kama mtu yeyote wa pale stendi.

Mkono wa kulia. Hogo, ile plasta ngumu, lilitolewa mwezi uliopita na daktari anasema mfupa umeunga vizuri. Nguvu ndiyo hakuna. Hata sufuria ya ugali mume wangu Gaspa ndiye anayeipua. Tangu bodaboda iteleze na mimi kwenye matope hapa Mazwi, wakati wa masika, sijapiga hata picha moja na kamera kubwa. Leo nimeitoa kabatini, nikaifuta, nikaiinua mpaka jichoni. Mkono ukaanza kutetemeka, kisha maumivu yakapanda hadi kwenye kiwiko. Nikairudisha.

Upepo leo hauna adabu. Baridi imeshaingia.

Jumatano, 18 Juni

Gaspa karudi kutoka Mbeya. Alipeleka ulezi. Karudi na kamera ndogo, kaiviringisha ndani ya sweta lake. Hakuwahi kuniambia. Kaiweka mezani. "Mama Deo, hii hata mkono mgonjwa utaibeba." Halafu akaenda kuoga.

Inaenea kwenye mfuko wa gauni. Nilisema asante kama mtu anayepokea dawa chungu. Mume kafanya jambo kubwa, mimi nimenuna.

Haina pa kuchungulia. Unaishika mbali na uso, unatazama kioo chake. Lenzi inatoka yenyewe kama kichwa cha kobe. Haina mlio. Kubwa ukibonyeza unasikia imekula, kraa! Hii unabonyeza, kimya. Nikadhani mbovu. Kumbe ilikuwa imeshapiga, tena imepiga vizuri.

Jumamosi, 21 Juni

Bi Saada kaja. Nilimwamkia, akakaa, akataka kwanza kuona mkono. Kaushika, kaugeuza, kasema pole mara nyingi. Kisha akasema lililomleta. Binti yake Rahma anaolewa Ijumaa. Sherehe itakuwa Kirando, huko ziwani, nyumbani kwa mama yake Bi Saada, maana bibi hasafiri tena. Miguu imekataa. Na mjukuu kasema haolewi mahali ambapo bibi hayupo.

Bi Saada ndiye aliyenifanya mpiga picha. Watu wamesahau, mimi sijasahau. Nilikuwa nafagia studio ya mtu. Yeye alikuwa na duka la vitenge mjini, dada yake anaolewa, na wanawake wa kwao hawakutaka mwanaume mwenye kamera aingie chumbani kwao. Akaja akaniuliza, wewe binti, hiyo kamera unaijua? Nikasema ndiyo. Nilikuwa naijua kidogo. Tangu siku ile harusi zao zote, upande wa kina mama, ni zangu. Mimi Mkatoliki wa Kifipa, nawajua mabibi harusi wao wote.

Nilimwambia mkono bado. Atafute mwingine. Akasema hakuna mwingine. Hakulisema kwa kubembeleza. Alilisema kama mtu anayesema leo ni Jumamosi.

Nimekubali.

Jumapili, 22 Juni

Nilikwenda na ile ndogo kanisani. Kulikuwa na ubatizo. Nikiri ukweli. Pale mlangoni, kwenye mwanga, ndogo imeishinda kubwa. Inatafuta macho ya mtu yenyewe na kuyashika, hata mtoto akigeuka. Kubwa yangu ni ya zamani, ukikosea kidogo inashika sikio. Rangi za ndogo ni safi. Picha zinahamia kwenye simu bila waya, na mama wa mtoto kazipata kabla hajafika kwake. Kafurahi mpaka kanikumbatia. Na kwa vile haina mlio, padri hakugeuka hata mara moja.

Ndani, karibu na kisima cha ubatizo, hali nyingine. Kiza kidogo tu, picha zina chenga. Mtoto akitikisa mkono, mkono unakuwa moshi.

Watu wawili waliniuliza kamera iko wapi. Niliwaonyesha. Wakacheka.

Jumanne, 24 Juni

Leo nimeziweka zote mbili juu ya meza uani, nikampiga Gaspa akipepeta ulezi. Ndogo mkononi. Kubwa nikaiegemeza kwenye mgongo wa kiti. Kisha nikamwita ndani chumbani, pazia limefungwa, nikarudia.

Nje sijui kuchagua. Ndani najua. Kubwa, ikiwa na lenzi yake fupi, inaona gizani kama paka. Uso wa Gaspa umetoka na kila mkunjo wake. Kwenye ndogo umetoka kama umepakwa uji.

Betri ya kubwa inamaliza harusi nzima na kubaki. Ya ndogo inakufa mapema, lazima kubeba za akiba. Lakini ndogo naweza kuishika siku nzima. Kubwa naishika kwa muda wa Salamu Maria moja, basi.

Nimesema nitazibeba zote. Gaspa kakasirika. Anasema daktari alikataza vitu vizito, na yeye hakununua ile ndogo ili niende kuuvunja mkono upya. Ana haki. Mimi pia nina haki.

Alhamisi, 26 Juni

Kirando. Asubuhi, nilipokuwa nafunga mkoba, nilikuta Gaspa kaishona kamba ya kamera kubwa upya, kaongeza kipande cha blanketi ili isinikate begani. Nami nikamchemshia maji ya kuoga.

Basi limeshuka taratibu kutoka juu. Baridi tumeiacha Namanyere, sweta nikavua. Hapa joto, dagaa wameanikwa kila mahali, harufu imeingia mpaka kwenye nywele. Bibi, mama yake Bi Saada, yuko kitandani sebuleni, mdogo kama mtoto, macho makali. Kanitazama mimi na mkoba wangu. "Usinipige na hilo zigo lako. Mimi si wa kupigwa." Nimecheka. Yeye hakucheka.

Ijumaa, 27 Juni

Niandike upesi kabla sijasahau.

Ndoa ilifungwa upande wa wanaume baada ya swala. Sisi tulikuwa chumba cha ndani na Rahma. Mapazia yote yamefungwa ili wapitao wasione. Taa moja. Wanawake wamejaa, vifijo, udi unafuka. Nilitoa ndogo. Picha ya kwanza, moshi. Ya pili, moshi. Nikawasha taa yake ndogo ya mbele, uso wa Rahma ukawa mweupe kama karatasi na hina yote ikapotea. Sikuwa na muda wa kulia, lakini nilitaka.

Nikatoa kubwa. Nikainua. Mkono ukatetemeka. Nikapiga hivyohivyo. Nikatazama: zote zimecheza. Wakati ule wakamfunua Rahma shela ili shangazi zake wamwone. Jambo hilo halirudiwi. Nikasema moyoni, Skola, umewaharibia watu siku yao.

Bi Saada aliniona. Alikuwa amekaa karibu na mwanawe, mahali pa mama. Akasimama, akaja mpaka mbele yangu, akanigeuzia mgongo.

"Weka hapa."

Sikumwelewa.

"Weka kamera begani kwangu, mdogo wangu. Ukitaka kulia sema kulia, ukitaka kushoto sema kushoto."

Nikamwambia dada, wewe ni mama wa bibi harusi, nenda ukakae. Watakutafuta kwenye picha.

"Waniangalie mimi wa nini? Piga."

Nikaweka. Lenzi juu ya bega lake, mkono wangu umebaki na kazi ya kubonyeza tu. Kamera ikatulia kama imewekwa juu ya jiwe. Alikuwa akizuia pumzi kila nikibonyeza. Hakuna aliyemfundisha. Mlio aliusikia yeye kabla yangu, masikio yake yalikuwa palepale. Kraa. Anapumua. Kraa. Anapumua. Tulizunguka chumba chote hivyo, yeye mbele mimi nyuma, wanawake wanatupisha na kutucheka. Rahma alipomwona mama yake kageuka kuwa stendi ya kamera, alicheka kwa sauti, na hina na dhahabu na meno. Nimeipata. Najua nimeipata.

Bi Saada hakuketi tena na mwanawe mpaka watu wa bwana harusi walipokuja kumchukua Rahma. Hilo linaniuma.

Mkono umevimba kidogo. Si sana.

Jumamosi, 28 Juni

Asubuhi Rahma karudi kumuaga bibi kabla ya kwenda kwa mumewe, kule Kabwe. Walimtoa bibi nje kwenye kiti, karibu na maji. Nilikuwa na ndogo mkononi. Jua la ziwani lilinifanya nisione kioo chake, nikawa nakisia tu. Bibi alidhani natazama simu. Akawa anazungumza na mjukuu wake, kamshika shavu, Bi Saada kachuchumaa katikati yao anamfunga bibi kilemba. Nikapiga bila mlio. Macho yote imeyashika.

Kisha nikamwonyesha bibi. Niliogopa. Aliishika kamera kwa mikono miwili na kuiangalia mpaka nikachoka kusimama. Akasema, "Kumbe bado nina sura." Akanirudishia.

Zigo lisingeweza. Bibi angelisikia, angejifunika.

Alhamisi, 3 Julai

Nyumbani. Nasafisha picha za Rahma. Nzuri. Nasema mwenyewe, nzuri. Lakini nimeona kitu. Katika zote za chumbani, pembeni chini, kuna doa la kijani limefifia. Nikadhani lenzi imepata fangasi. Nikaifungua, nikaimulika tochi. Safi. Kisha nikaelewa. Ni mtandio wa Bi Saada. Bega lake limeingia kwenye kila picha.

Nikianza kukata, nakata na mikono ya Rahma, na hina. Nisipokata, ni kazi chafu. Nimekata tatu, sikuzipenda. Gaspa anasema niache mpaka mwenyewe aone. Naogopa.

Jumapili, 6 Julai

Bi Saada kaja mchana, dukani kafunga. Nilimpa chai. Kwanza nikamwonyesha zile za ziwani, ambako yupo. Kafurahi. Kisha za chumbani. Alizipitia taratibu. Nikawahi kumwambia, samahani dada, pale pembeni kuna doa, nitalikata.

Kalitazama. Kaweka kidole juu yake.

"Ulikate la nini? Si mimi huyo?"

Akaendelea na nyingine, na nyingine, kila moja kidole kinaenda kwanza pembeni, kwenye kijani, ndipo kinarudi kwa mwanawe. Alipofika ile ambayo Rahma anacheka hakugeuza tena. Kataka hiyo, kubwa, ya kutundika ukutani. Kisha kajifuta macho kwa ncha ya mtandio, kaaga, kaondoka. Chai kaiacha nusu.

Nimeinywa mimi, ikiwa imepoa. Nashukuru.