Glasi ya Kwanza ya Stolzmann

Kesselburg, Wisconsin
11 Januari 2015

Baba mpendwa,

Hujambo huko jangwani Arizona? Magoti yanasemaje? Sisi tuko chini ya theluji na tunadunda. Nakuandikia kwa sababu simu hupokei, na siku ukipokea, kile kifaa chako cha sikioni kinapiga mluzi mpaka nakata.

Kaa kwanza ndipo usome. Mimi na mshirika wangu wa biashara Brody tumelichukua jengo la kiwanda cha bia cha Stolzmann. Ndiyo, lile lile ulilofunga mlango wake mwaka 1982, ukiwa mpishi mkuu wa bia. Matangi mapya yanaingia mwezi ujao. Tunaifufua bia ya Stolzmann kwa jina lake na dubu wake kwenye lebo. Mji mzima hauna habari nyingine. Mzee Elroy Pankow aliiona ile picha ya wafanyakazi tuliyoitundika ukutani, akalia mbele za watu.

Tunafungua Jumamosi ya mwisho ya Mei. Nataka uje unywe glasi ya kwanza kama zamani: mpishi mkuu anasimama mbele ya watu, anainywa kimya, na akibakiza hata kidogo, mapipa yote yanamwagwa. Watu hapa bado wanasimulia. Sikuombi kitu kingine, Baba. Bila hiyo naona kama nafungua duka tu.

Mwanao,
Janelle

Yuma, Arizona
2 Februari 2015

Janelle mwanangu,

Salamu nimezipata. Magoti yanauma, moyo unapiga, chakula kinapita. Hayo yameisha.

Elroy Pankow amelia? Mwambie alie vizuri, asibakize. Ile wiki makampuni makubwa yaliposhusha bei, nilimkuta anatoka dukani na makreti mawili ya bia yao, moja huku na moja huku, na akanipungia mkono. Akanipungia mkono, Janelle! Mke wake alikuwa kwetu, kwenye mashine ya kubandika lebo. Na si yeye peke yake. Mji mzima ulitugeuzia mgongo kwa tofauti ya bei isiyonunua hata soseji, kisha siku ya kufunga kiwanda wakaja kama waombolezaji, wakala keki yetu. Leo wanalilia picha. Watu wale siwezi kusimama mbele yao hata kwa glasi ya maji.

Na huyo Brody si yule mwenye ndevu za nabii? Hapa Yuma nao wamefungua kiwanda cha namna hiyo. Nilipewa bia yenye balungi ndani, kwenye glasi yenye mguu mwembamba, ya kuwekea ua. Kijana wa meza ya pili aliipiga picha ya kwake kabla ya kunywa. Nilimuuliza kama anaipeleka polisi.

Sitakuja. Vaa soksi nzito.

Baba yako

Kesselburg
20 Machi 2015

Baba,

Natumaini magoti yamepoa kuliko ulimi. Mimi sijambo, mikono tu imechubuka kwa kusugua matangi. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi, na mama alinilea vizuri.

Elroy ni mnafiki, sawa. Lakini huyo mnafiki ndiye aliyekuja kuzoa mavi ya njiwa ghorofa ya juu, wiki nzima, na mgongo wake ule. Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa juani, unawadharau watu ambao mimi nakaa nao kila Ijumaa kula samaki wa kukaanga. Ni rahisi kumdharau mtu usiyelazimika kumpisha mlangoni.

Nakutumia chupa sita za majaribio. Ni kimea kitupu, hakuna mahindi hata punje, na hopsi za kutia uchungu zimetoka Ujerumani. Brody anasema ni bora kuliko Stolzmann yoyote iliyowahi kutoka kwenye jengo hili. Onja, halafu useme.

Mwanao,
Janelle

Yuma
4 Aprili 2015

Janelle mwanangu,

Mimi mzima. Chupa zimefika. Moja ilipasuka njiani, ndiyo iliyobahatika.

Tano nimezionja. Ni bia nzuri, na hapo ndipo mlipoharibu. Nani aliwatuma mpike bia nzuri? Wewe umekulia kwenye jengo lile na umesahau kengele? Saa tatu asubuhi, mchana, na saa tisa, kengele inalia, na kila mfanyakazi anakwenda bombani kunywa bia yake ya bure. Ilikuwa haki yao, imeandikwa kwenye mkataba wa chama chao. Sasa fikiri. Mtu anakunywa mara tatu kwa siku, halafu anarudi kwenye mashine ya chupa, na jioni anatakiwa awe bado na vidole kumi. Ndiyo maana niliweka mahindi. Ndiyo maana ilikuwa nyepesi. Ile bia ilipikwa kwa ajili ya mtu mwenye kazi, anywe moja na aitamani ya pili. Ya kwenu mtu anakunywa moja na kuanza kutoa maoni.

Brody anasema ni bora kuliko Stolzmann? Basi aiite Brody.

Mahindi yawe theluthi moja. Na bado siji.

Baba yako

Kesselburg
18 Mei 2015

Baba,

Habari za joto? Huku theluji imekwisha na mbu wameanza.

Nimeweka mahindi. Brody alinuna siku mbili, akasema nimegeuza kiwanda kuwa ghala la chakula cha kuku. Wale wajuzi wa bia wa mjini Madison wamesikia, na wameshaandika kwenye simu zao kwamba ni maji ya kuoshea vyombo. Hawajaionja. Mmoja amesema haina "simulizi". Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hapo nilikukumbuka, sitaki uongo.

Jana nimeionja kwenye tangi. Ni safi, nyepesi, inashuka yenyewe. Brody amenibana tuipoze mapema kidogo kwa sababu tarehe imeshatangazwa. Leo tunaihamishia kwenye mapipa.

Ni tarehe thelathini, saa saba mchana. Nina hofu, Baba. Njoo tu. Wadharau ukiwa hapa.

Mwanao,
Janelle

Kesselburg
1 Juni 2015

Baba,

Sijui kama u mzima, maana hukujibu. Mimi ni mzima, ila sina tena mshirika.

Jumamosi ua wa kiwanda ulijaa. Wazee walikuja na fulana za Stolzmann zinazowabana matumbo. Watu wa Madison walikuja na ndevu na simu zao. Nilikuwa natazama barabarani mpaka saa nane. Brody akasema, "Mzee haji. Kunywa wewe, tabasamu, watu wana kiu."

Nikapanda juu ya kreti. Nikanywa, na nilipofika nusu nikaisikia ladha ya siagi, ile ya bia isiyoiva. Si nyingi. Imekaa nyuma ya ulimi, inateleza. Kwenye tangi haikuwepo, naapa.

Brody alikuwa ameshauona uso wangu. Akasema bila kufungua meno, "Imalize, Janelle. Tafadhali. Hawa hawajui siagi wala majarini." Na alisema kweli! Niliwatazama. Elroy ameshika glasi tupu, angekunywa hata maji ya betri. Wale wa Madison wangepiga picha na kuisifu siagi kwamba ni ubunifu. Hakuna mtu hata mmoja pale ambaye angejua. Nikaiweka glasi chini, nusu.

Elroy ndiye aliyesema, kwa sauti, "Mungu wangu, ameibakiza."

Tuliyafungua mapipa yote, tukayamwaga kwenye mfereji wa uani. Ilichukua muda mrefu. Wengine walicheka. Mwanamke mmoja alidhani ni maigizo, akapiga makofi. Brody aliniita mwendawazimu mbele ya mama yake, akaondoka, na leo nimepata barua ya wakili wake. Elroy alishika kila pipa upande wa pili, mpaka la mwisho.

Nilikuwa na hasira nawe kuliko na Brody. Mtu wa kuiacha ile glasi alikuwa wewe, si mimi. Nilikuwa peke yangu pale juu. Nimeshaanza kupika nyingine, itakuwa tayari Julai. Utakuja au huji? Nijibu safari hii.

Janelle

Yuma
9 Juni 2015

Janelle mwanangu,

Mimi mzima. Magoti ni yale yale.

Kwanza, bia. Siagi hiyo inaweza kujificha kwenye tangi, ikajitokeza bia ikishahamishwa. Ndiyo maana glasi ya kwanza hunywewa siku ya kuuza. Kuchacha kukikaribia mwisho, iache siku mbili tatu bila baridi, hamira isafishe uchafu wake yenyewe. Bia haisomi matangazo. Na huyo Brody akirudi na maua, mpe ayale.

Barua yako nimewasomea wenzangu wa karata. Ni wajinga wote, mmoja ametoka Illinois, kwa majirani tunaowacheka tangu zamani, sina haja ya kueleza zaidi. Nilipofika pale ulipoiweka glasi chini, nilimpa huyo wa Illinois amalizie kusoma. Naona fahari, mwanangu. Sijui kuiandika vizuri zaidi ya hapo.

Sasa lile uliloniomba. Sitainywa glasi ya kwanza. Stolzmann ina mpishi mkuu mmoja, na pale juu hawajawahi kusimama wawili. Nikipanda mimi, watu wataacha kukutazama wewe, nawe utaanza kuutazama uso wangu kabla ya kuusikiliza ulimi wako. Hilo silitaki.

Lakini Julai naja. Usimwambie mtu. Nitakaa nyuma kabisa na Elroy Pankow na wanafiki wenzake, glasi tupu mkononi, na nitasubiri kama wao mpaka umalize.

Baba yako