Nyuzi Zinagongana, Mkurugenzi Amenunua Waya

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako kabla sijatamka neno litakalonifukuzisha kazi. Mimi ni mhitimu wa shahada ya kompyuta, daraja la kwanza, nimeajiriwa na kampuni ndogo hapa Wandegeya iliyotengeneza programu ya kompyuta za mezani kwa ajili ya zahanati moja ya Kasubi, na programu hiyo ina nyuzi mbili, yaani kazi mbili zinazokwenda kwa wakati mmoja, mmoja ukichora dirisha analotazama muuguzi na mwingine ukisoma na kuhifadhi data kwa nyuma, nami tangu nilipofika nimeeleza kwa adabu kwamba nyuzi hizo hazipaswi kushika rekodi moja kwa pamoja bila kufuli, yaani amri inayoufanya uzi mmoja usubiri mwingine umalize, lakini mwenzangu Wanjala, aliyeiandika, aliliondoa kufuli kwa sababu dirisha lilikuwa likiganda, kisha akanicheka mbele ya ofisi nzima: "Dada Adyero, mteja ananunua mwendo, hanunui shahada."

Wiki iliyopita muuguzi Akech alifungua rekodi ya mtoto wa mwaka mmoja huku uzi wa nyuma ukiingiza ya mtoto mwingine mkubwa zaidi, dirisha likaonyesha jina la mdogo na uzito wa mkubwa, foleni ilikuwa ndefu, akapima dawa kwa uzito huo. Mtoto alilazwa, sasa amepona, lakini Akech amesimamishwa kazi kwa madai kwamba alichapa vibaya.

Kikaoni nilisema wazi: nyuzi zinagongana. Kesho yake mkurugenzi wetu, Bwana Cleopas, akaniita. "Nyabo, bibi msomi, nyuzi zako nimekwisha kununua, tena za bluu." Alikuwa amebadilisha waya zote za mtandao. "Sasa Ijumaa utawaambia wenye zahanati kwamba kosa ni vidole vya yule muuguzi. Wewe ndiye mwenye digrii, watakuamini." Nilipoanza kufafanua tofauti ya uzi na waya, akasema ana mgeni.

Nimekasirika. Nimeandaa maelezo marefu yenye michoro, yanayothibitisha kwamba tangu mwanzo nilikuwa sahihi. Je, niyasome mbele yao, au nijiuzulu kwa heshima?

Adyero, Wandegeya
(majina yote yamebadilishwa)

Adyero,

Pole kwa dharau. Anayekutuma ukaseme uongo kwa sababu una digrii amekutukana wewe pamoja na digrii yenyewe. Hasira yako ni halali, ila umeielekeza pabaya. Unaniuliza namna ya kuthibitisha kwamba ulikuwa sahihi. Akech yuko nyumbani bila kazi, na kumhusu yeye hukuniuliza lolote. Jiuzulu kwa heshima, basi: utaondoka na heshima yako, naye atabaki na kosa la Wanjala.

Na kweli, msomi mzima, ulimwambia mfanyabiashara kwamba nyuzi zinagongana, ukategemea nini? Neno hilo ni sahihi darasani. Kikaoni lilimfungulia Cleopas mlango, akatokea kwenye duka la waya. Weka michoro kando. Sema hivi: "Programu inachukua uzito wa mtoto huyu na kumpa yule." Hapo hapana cha kununua.

Kisha onyesha. Niliandika programu miaka mingi kabla ya safu hii, na najua kosa la namna hii hujificha mtu anapolitafuta. Weka rekodi za majina ya kubuni, washa uhifadhi wa nyuma, rudia mpaka ujue linajitokeza lini. Ijumaa mkalishe Cleopas mwenyewe kwenye kiti, afungue rekodi hii na ile, mpaka uzito ubadilike mbele ya macho yake na vidole vyake havijagusa tarakimu hata moja.

Tena, usijidanganye kwamba kufuli lako lilitosha. Wanjala ni jeuri, lakini dirisha lililoganda si dawa. Kila uzi uwe na njia yake ya kufikia data. Nyuzi zisipokezane rekodi, zipokezane namba ya mgonjwa tu, kila uzi ujisomee nakala yake. Kazi za kuhifadhi zipange foleni. Dirisha liguswe na uzi mkuu, ule unaolichora, peke yake.

Lakini hayo yote ni ya Ijumaa, na kinachonikasirisha mimi ni leo. Wakati unachora michoro, programu hiyo imewashwa Kasubi na watoto wapo kwenye foleni. Ukimaliza mstari huu, piga simu zahanati: kila mtoto apandishwe kwenye mizani upya, dirisha lisiaminiwe. Kabla hujakata, omba namba ya simu ya Akech.