Kozi ya Kemunto

Jumanne, Kiogoro

Na ningesema nini, mbele ya wagonjwa wote wale?

Mama ametoka Nyacheki alfajiri, akaja moja kwa moja hadi kliniki na mkungu wa ndizi wa kumshukuru mwenye kliniki kwa kuniandika kazi. Kuniandika! Huu mwaka wa tatu nalipwa kwa siku, na siku mashine ya ultrasound ikiharibika sipati kitu. Serikali ya kaunti imeniita kwa mahojiano ya kazi mara mbili, halafu kimya. Mama hajui haya. Kanisani ananiita daktari.

Kumbe safari yenyewe haikuwa ya ndizi. Mdogo wangu Kemunto amepata nafasi chuoni, kozi ile ile yangu ya kupiga picha za ultrasound, na mama anataka kukodisha shamba la majani chai miaka mitano ili apate karo.

"Wewe ndiye uko ndani, mwanangu. Hii kazi iko na mshahara mzuri?"

Nikashika koti langu jeupe. Nikamwambia aketi kwanza, nimletee chai. Akacheka, akadhani nimesema ndiyo.

Jioni amenipigia simu: keshokutwa wanaandikishana na anayekodi shamba. Nikasema sawa, mama.

Kila siku naona tatizo kwenye skrini na kunyamaza, maana si kazi yangu kusema. Mgonjwa akiuliza, namwambia angoje, daktari atamweleza. Leo nimemnyamazia mama vivyo hivyo. Ila nyuma yangu hakuna daktari.