Mbuzi wa Mlima Mweusi

Jumamosi, 7 Juni. Lubumbashi

Nimepiga pasi mashati ya mume wangu. Mume wangu. Hata kuliandika neno hilo kunanitekenya. Kesho tunapanda ndege: Addis, Istanbul, halafu Montenegro, nchi ndogo ya Ulaya ambayo hapa mtaani hakuna anayeijua. Wifi yangu Solange amecheka mpaka akaegemea ukuta. "Monté-nègre? Munapanda ndege kwenda kutafuta batu beusi? Si mungebakia tu hapa Katuba." Nikamweleza kwamba jina lake ni Mlima Mweusi. Akasema mlima mweusi tunao. Kweli. Terril yetu, ule mlima wa mabaki ya shaba, naiona hata sasa kupitia dirisha. Babu yake Trésor, mume wangu, alifanya kazi ya kumwaga mabaki ya moto pale mpaka uzee.

Safari ni zawadi ya Tantine Béatrice, shangazi yake Trésor. Anaishi Brussels na Marko, mtu wa Montenegro, na kila mwaka wanarudi kijijini kwa mama yake Marko. Kwenye harusi yetu Tantine alikaa nyuma kama mgeni. Baba mkwe, kaka yake, hakutaka anisindikize pamoja na mashangazi walioolewa. Nilimwona akipiga makofi kule nyuma. Iliniuma.

Leo baba mkwe ameleta jiwe jeusi la terril, limefungwa kwenye gazeti. Ati tuwape wale watu waone weusi ni nini. Trésor akamuuliza kama ana salamu za kumpelekea dada yake. Akajibu: "Hakuna muntu alikuya kutuuliza. Béatrice anaikala tu na muzungu. Haiko bibi ya muntu."

Yaani hakuna aliyeleta posa. Trésor akalifungia jiwe ndani ya sanduku.

Jumatatu, 9 Juni. Kijijini

Tumefika. Mlima si mweusi hata kidogo. Ni wa kijivu, mawe matupu, na kule juu kuna theluji, mwezi wa sita! Trésor alivua koti lake akanivalisha mbele ya watu wote. Nampenda mpaka naogopa.

Mama yake Marko amevaa nguo nyeusi toka kichwani hadi miguuni, na kila mtu anamwita Baba. Mwanamke! Kwa lugha yao ni bibi mzaa mzazi. Trésor alipomwambia "Jambo, Baba" nilicheka ndani ya kitambaa changu. Alitubusu sote, akalipokea lile jiwe letu, akaliweka dirishani. Lakini Tantine alipopita na sinia ya kahawa, bibi yule alichukua kikombe bila kumtazama.

Jumatano, 11 Juni

Bukari! Wanakula bukari, ugali wetu! Wanaiita kachamak, wanaipika kwa unga wa mahindi na viazi, wanatia jibini. Baba alikuwa anasonga kwa mti mrefu, amechoka. Nikaomba mwiko. Nikasonga kama mama alivyonifundisha, sufuria nimeibana kwa miguu. Hakuna donge hata moja. Baba alinipapasa mkono wote, kama mtu anayechagua kuku sokoni. Trésor aliongeza sahani. Nilijivuna mpaka jioni.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemkuta Tantine analia jikoni. Leo mezani Baba alimuuliza Marko, naye akatutafsiria huku ameinamisha kichwa: mbona hawa watoto ndio ndugu wa kwanza kuja kumwona Tantine? Miaka yote hii mwanamke huyu hana watu? Mke mwenye watu wake, watu wake wanakuja.

Nimekaa na maneno hayo mchana kutwa. Kule kwetu baba mkwe anasema hakuna aliyekuja kumuuliza. Huku Baba anasema hakuna aliyekuja kumtazama. Wote wawili wanangojea mlangoni, kila mmoja kwenye mlango wake. Na Tantine yuko katikati.

Nilimwambia Trésor. Akasema, basi watu wake ni sisi.

Ijumaa, 13 Juni

Trésor amezungumza. Kazi yake ni kuwasemea madereva wa malori kwenye forodha ya Kasumbalesa, kwa hiyo kusema anajua. Alisimama mbele ya Baba. Alieleza kwamba kwetu upande wa mwanaume ndio unaokuja kubisha hodi, tena na mbuzi, na kwamba mpaka leo hakuna aliyebisha. Tangu lini upande wa mwanamke ukasafiri wenyewe kwenda kukumbusha? Nilikuwa namwonea huruma na fahari pamoja. Marko alitafsiri, jasho linamtoka.

Baba aliinuka, akatoka nje.

Tantine akasema tumeharibu. Hatarudi tena kijijini hapa.

Trésor alimpigia baba yake simu hata hivyo, akamwomba asimame karibu na simu kesho. Jibu: "Kama ni kwa kunicheka, nitakata." Baba akikataa kubisha hodi, maneno ya baba mkwe ndiyo yatabaki kuwa ukweli mpaka Tantine anakufa. Siwezi kula.

Jumamosi, 14 Juni

Kengele. Nilidhani ni ya kanisa. Ilikuwa ya mbuzi!

Baba amepanda njia ya mawe mwenyewe, kitambaa kipya kichwani, mkono mmoja kamba, mkono mwingine chupa ya pombe kali ya plamu. Alipita mbele ya Marko, akaja kusimama mbele ya mume wangu. Trésor akageuza simu ya video ili baba yake aone. Baba mkwe alikuwa amevaa koti lake la sare ya reli, vifungo vyote. Kumbe naye alijiandaa.

Baba akasema, na Marko akatafsiri: "Mwanangu sikumfundisha kubisha hodi. Leo nabisha mimi."

Baba mkwe alisogeza uso karibu na simu. Akaomba aonyeshwe mbuzi. Pande zote. "Iko mukubwa kupita ile ya ndoa ya Solange," akasema, na nyuma yake nikasikia Solange analalamika.

Halafu likaja lile swali. Kwetu mwanamke lazima aulizwe kama mbuzi aliwe. Akikataa, mbuzi anarudi. Mimi, siku yangu, nilijibu kabla baba yangu hajamaliza, watu wakacheka. Tantine alivua aproni. Ana mvi tayari. Alisimama wima.

"Béatrice. Mbuzi hii, tukule?" akauliza baba mkwe.

"Mukule, yaya," akamjibu kaka yake.

Baba akamshika uso kwa mikono miwili, akambusu mara tatu. Mume wangu alilia waziwazi. Sijapata kuona mwanaume mzuri hivyo.

Jumanne, 24 Juni. Lubumbashi

Tumerudi. Vumbi, joto kidogo la mchana, kuku wa jirani. Baba mkwe ameweka jiwe tulilomletea kutoka mlima ule juu ya redio yake. Jeupe kama chumvi. Amecheka, mlima mweusi gani huo.

Jirani aliyepita kusalimia ameuliza habari za Béatrice, bado yuko na yule muzungu? Baba mkwe alikuwa anakoroga chai. Hakuinua macho.

"Iko kwa bwana yake," akasema.