Kidudu Kwenye Vali Yangu

Jumanne, 4 Machi
Homa tena, nikiwa bado kwenye mashine ya kusafisha damu. Natetemeka hadi kiti kinalia. Nesi kasema ni kiyoyozi. Wifi yangu, aliyenisindikiza, kasema ni jicho la watu. Mimi nikasema malaria. Majibu matatu, panadoli moja.

Alhamisi, 6 Machi
Malaria hakuna. Daktari mpya wa figo, kijana tunayemwita Miwani, hakuridhika. Akatoa damu mkononi, akatoa na kwenye mpira wangu wa shingoni, ule wa kusafishia damu, zikaoteshwe maabara.
"Mwanangu, hiyo damu yenyewe sina."
Akacheka. Akachukua chupa nyingine.

Jumamosi, 8 Machi
Kimeota. Kidudu chenye jina refu kama treni ya mizigo. Miwani kalitamka mara mbili, ya pili kwa raha. Maabara hawajawahi kukiona. Akanisikiliza kifuani, macho kafumba. Moyo unavuma — huenda kimepanda kwenye vali, vile vilango vya moyo.
Wifi akauliza nani kanitupia. Miwani akasema kimepitia mpira wa shingoni.
"Basi mchawi ni hospitali," wifi akasema.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemezeshwa mpira wa kipimo, moyo uonekane kwa nyuma. Koo linawaka. Kipo — kinyama kinaning'inia kwenye vali, kinacheza kila moyo ukipiga. Miwani kanionyesha kwenye skrini kama anayeonyesha mwanawe.
Tangu hapo, wanafunzi foleni. Nimesoma habari redioni maisha yangu yote ya kazi, hakuna aliyewahi kupanga foleni kunisikiliza. Mmoja kaweka chuma chake cha kusikilizia kifuani, kasema, "Safi sana." Akajirekebisha: pole sana, mama.
Dawa ya kuchomwa mshipani, wiki sita. Naogopa. Wifi sijamwambia.

Jumanne, 11 Machi
Wifi kageuka msemaji wangu. Anawatangazia wodi nzima kuwa ugonjwa wangu hata madaktari hawaujui, si hizi sukari za kila mtu.
Miwani kaomba ruhusa aueleze ugonjwa wangu kwenye mkutano wao wa madaktari, mwezi wa saba. Nikamuuliza kama nitakuwepo. Akasema jina langu halitatajwa.
"Sikuuliza jina, mwanangu."
Akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

Jumatano, 12 Machi
Homa imerudi. Vali inavuja. Daktari wa upasuaji ndiye huyo anaingia — amefunga mlango, anavuta kiti. Wifi, asiyeweza kukaa dakika bila neno, ameushika mguu wangu juu ya shuka na kwa mkono mwingine anaichukua kalamu yangu.