Mwalimu Uliyetufundisha Kubisha kwa Kifaransa

Mpendwa Mwalimu Godeliva,

Sijui vita vilikutupa upande gani tangu ulipohama mtaa wa Jabe, lakini nina jambo ambalo nataka ulijue.

Mimi ni Bahati wa Uvira, mbeba matofali wa kule Gihosha. Shule niliiacha mapema. Jioni sisi vibarua tulikuja uani kwako, mikono imechubuliwa na saruji, tukitaka Kifaransa. Nilidhani utaandika ubaoni tukariri. Ulikataa. Ulikataa pia tuanze na "unaitwa nani, unatoka wapi". Bujumbura ya miaka hii, mtu akikuuliza unatoka wapi, anatafuta kabila lako. Wewe ulitaka tuulizane mambo tusiyoyajua na yasiyoumiza: umekula nini, nani kakuchekesha leo. Watu walioogopana wakaanza kusimuliana habari za maharage kwa Kifaransa kibovu.

Siku moja ulijifanya muuza dawa, nami mteja mwenye mtoto mgonjwa. Nikatiririsha maneno niliyokuwa nimeyakariri.

"We Bahati, unaniomba dawa ama unanisomea misa?"

Uani wote ulicheka. Kisha ukasema dawa imeisha, nirudi kesho. Nikashukuru, nikageuka.

"Apana! Mutoto ni mugonjwa, na we unashukuru? Bisha! Kosea, lakini maliza."

Nikagomba kwa jasho. Hukunisahihisha mpaka nilipomaliza.

Mwalimu, siku yenyewe ilifika. Binti yangu Neema alishikwa na homa kali. Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati, nikamkuta daktari mgeni, hajui Kiswahili wala Kirundi. Saa ya amri ya kutotembea usiku ilikaribia, naye alikuwa ameshavua koti lake jeupe. Akasema nije kesho.

Nusura nishukuru, nigeuke. Lakini maneno yalikuja, yamevunjika, yakaja. Nilimwambia kwa Kifaransa kwamba mtoto ana homa tangu juzi, hanywi hata maji, hata mimi haniiti tena. "Kesho apana, dogteri. Leo." Akauliza, nikajibu. Akauliza tena, nikajibu. Akatazama saa yake, akamtazama mtoto, akavaa koti.

Tulilala hapo hapo. Asubuhi Neema alifumbua macho, akasema, "Baba, nina njaa."

Mgongo wangu umechoka, Mwalimu, na nyumbani bado ni mbali. Lakini nimefundishwa na watu wachache sana maishani, na hakuna aliyenipa kitu kama ulichonipa wewe. Mungu akufiche mahali penye amani.

Mwanafunzi wako,
Baba Neema