Sauti ya Kabatini

3 Machi

Dada mpenzi,

Shikamoo. Huku tuko salama, ukiacha yale yasiyo salama. Mama anakula mwenyewe kwa mkono wa kushoto, mguu umeanza kumtii. Ulimi ndio umegoma. Daktari alisema kiharusi hakiondoki mikono mitupu. Cha kwetu kimeondoka na maneno. Na wewe, mafua yalikuacha?

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanijua, nasema "eee" mpaka salio linakwisha. Shuleni wamenibatiza Kimya. Mwalimu wa lugha ya pili alinisimamisha nisome aya, nikasoma, akasema hata mbu ana sauti kunizidi. Sikulia pale. Nililia chooni.

Nyumba imekuwa kubwa, Dada. Hakuna wa kunigombeza. Tangu siku ile ya hospitali hujaja tena. Unakuja lini?

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mafua yameniacha, kazi haijaniacha. Mshike mama mkono kwa niaba yangu.

Hapa chuoni vituo vya utafiti vimepangana kwenye korido moja: cha maji, cha udongo, na chetu cha usemi, mwisho kabisa, karibu na karakana ya seremala. Kila Jumatatu mkuu wetu anatukalisha, mmoja mmoja anaonyesha kazi yake, naye anauliza lilelile: "Hiki kinamfaa nani?" Ukijibu "jamii" anakucheka. "Jamii haina mlango. Nitajie mtu utakayembishia hodi."

Jumatatu hii nilionyesha kisanduku chetu cha vitufe. Asiyeweza kusema anabonyeza, kisanduku kinasema. Akauliza swali lake. Nikajibu, "Mama yangu." Halafu nikajifanya nimepaliwa.

Tatizo ni sauti. Iliyomo ni ya mwanamume mmoja anayeongea kama anasoma taarifa ya habari. Mama atakirusha dirishani. Unakumbuka jirani akipiga simu alivyokuwa hajui kapokea nani, wewe au mama? Nataka sauti yako. Sentensi hizi hapa. Rekodi, unitumie memori kadi.

Kuja, nitakuja kazi ikipungua.

Dada yako

2 Mei

Dada,

Shikamoo. Unaendeleaje? Mama hajambo, sasa anafika mlangoni na fimbo. Samahani kwa kimya, ndilo jina langu siku hizi.

Nilijaribu sebuleni, nikakwama neno la kwanza. Nikajaribu uani, jirani akachungulia. Mwishowe nikaingia kwenye kabati la mama, nikavuta mlango, magauni yake yote usoni. Humo bado ananukia kama zamani. Humo niliweza.

Lakini Dada, usinikasirikie, sentensi zenu! "Ningependa kupatiwa maji ya kunywa, tafadhali." Zimetoka lugha ya kigeni ya darasani zikavishwa lugha yetu kama sare ya kuazima. Mama aliomba hivyo lini? Mama husema, "Hayo maji mmeyafuata mawinguni?" Nimezisoma zenu zote, kisha nikaongeza zake. "Mlango huo ulizaliwa wazi?" "Zima taa, nyumba hii haina bwawa la umeme." "Njoo hapa, siumi." "Chakula kinapoa."

Nilipofungua kabati, mama alikuwa amekaa kitandani ananitazama. Alisikia yote. Bega lake la kushoto lilikuwa linatikisika. Nikadhani nimemliza. Kumbe anacheka, Dada! Kwa upande mmoja wa mdomo, lakini anacheka.

Kisanduku kikiwa tayari kilete mwenyewe. Nakuomba.

Mdogo wako

20 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, na hongera. Mama akifika mlangoni leo, kesho atafika sokoni, atawasumbua watu kwa bei.

Jumatatu tulisikiliza kadi yako. Mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, "Sisi tulitengeneza cha kuombea. Huyu ametengeneza cha kugombezea." Kisha akatutuma tuanze upya: hakuna sentensi tena itakayoandikwa kituoni kabla hatujaingia nyumbani kwa mtu na kuuliza wanatamani kumsikia tena akisema nini. Wiki hii tumebisha hodi kwa familia mbili. Mzee mmoja, mkewe anachotaka kukisikia tena ni jinsi alivyokuwa anamtania.

Kisanduku ataleta fundi wetu, yule mrefu. Mpeni kiti imara.

Mimi bado. Nikwambie ukweli? Siku ile hospitali mama aliponiona alifungua mdomo aniite, ikatoka sauti isiyo jina langu. Nikakimbia mpaka getini. Kila nikifungasha begi naisikia. Kazi yangu ni usemi, mdogo wangu, na naogopa mdomo wa mama yangu mwenyewe.

Usimwambie.

Dada yako

9 Juni

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Sijamwambia.

Fundi alifika, akaweka kisanduku mapajani kwa mama, akaanza kueleza kwa adabu. Mama hakumngoja. Akabonyeza: "Mlango huo ulizaliwa wazi?" Jitu zima likaruka kwenda kufunga mlango. Nilicheka mpaka nikasahau kuona haya kwamba ile ni sauti yangu.

Sasa nikueleze la jioni. Nikipakua, mama ananionyesha kabati la vyombo kwa kidole mpaka nitoe sahani yako, ile iliyomeguka ukingo. Anaiweka kwenye nafasi yako. Halafu anabonyeza: "Chakula kinapoa." Namwambia, "Mama, si nimeshakaa?" Anatikisa kichwa. Anageukia mlango, anabonyeza tena. Na tena. Sauti ni yangu, Dada, lakini anayeita si mimi.

Jana betri ilikwisha katikati ya neno. Mama akabaki anabonyeza, kitu kimya, macho mlangoni. Sikuweza kuvumilia. Nikatoka barazani nikaisema mwenyewe, kwa nguvu zote: "Chakula kinapoa!" Mimi, Kimya! Mtaa mzima ukasikia. Jirani akajibu, "Tunakuja!" Watu wakacheka. Nilirudi ndani, mama akanishika shavu kwa mkono wake mzima.

Tulikula. Sahani yako nikaifunika.

Mdogo wako

12 Juni

Mdogo wangu,

Barua hii haina salamu, naja nazo mwenyewe. Nimempa dereva wa basi la asubuhi. Mimi nimekata tiketi ya la mchana.

Mwambie mama akifungua mdomo, itoke sauti yoyote ile, nitaitika. Na chakula kikipoa, nitakila hivyohivyo.

Dada yako